Risasi Kwenye Mchicha

Mpini wa jembe ulimpata dada mtu kwenye mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, na waliokuwa karibu wanasema waliusikia mfupa kabla hawajamsikia mwenyewe. Ilikuwa mchana kweupe, ndani ya ghala la wakulima wa bondeni, mbele ya watu arobaini. Aliyeushika mpini alikuwa kaka yake. Walitoka tumbo moja, wakanyonya titi moja.

Kaka mtu aliitwa Majembe. Jina hilo alilipata ujanani, kwa kuwa alikuwa akimaliza tuta zima wenzake wakiwa bado wanatema mate viganjani. Alikuwa mwenyekiti wa wakulima wa bonde hilo kwa miaka sita, mtu wa kifua kipana, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukunja ngumi. Hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu huko mbele litakuwa gumu kusemeka.

Dada mtu, ambaye Majembe alimzidi miaka minane, alifanya kazi mjini kwenye maabara ya kupima mazao. Majembe ndiye aliyemsomesha baada ya baba yao kufariki, fungu la mchicha juu ya fungu la mchicha, mpaka akavaa koti jeupe. Bondeni walimwita Mpimaji. Mara nyingine walilitaja jina hilo kwa heshima, mara nyingine kwa mzaha: "Mpimaji huyo kaja, funikeni sufuria asije akatupimia mboga!" Nao walicheka, naye alicheka.

Bonde lenyewe lilikuwa la kijani mwaka mzima. Kijito kilipita katikati, na pande zote mbili kulikuwa na matuta ya mchicha, spinachi, karoti na vitunguu vya majani. Kila alfajiri wachuuzi walishuka na matenga yao, wakapanda nayo yamejaa, na kufikia saa sita mboga za bondeni zilikuwa zimeshaingia kwenye vyungu vya nusu ya mji.

Juu ya bonde, kwenye mwinuko, kulikuwa na karakana iliyozungushiwa mabati. Humo waliyeyusha betri chakavu za magari. Betri zilipasuliwa kwa shoka, tindikali yake ikamwagwa, na risasi iliyokuwa ndani, yaani madini yale mazito ya kijivu, ikapikwa kwenye chungu cha chuma mpaka ikawa uji, kisha ikamiminwa kwenye kalibu kuwa matofali. Moshi wake ulishuka badala ya kupanda. Maji ya kuoshea yalitoka kwa mfereji, yakateremka taratibu hadi kijitoni. Watu waliyaona kila siku, na kitu ukikiona kila siku mwisho hukioni tena.

Majembe alikuwa na binti wa miaka minne na nusu. Walimwita Kasuku kwa jinsi alivyokuwa akiongea. Alisimulia mambo ya kuku, ya majirani, ya ndoto zake, na akikosa msikilizaji alilisimulia tenga. Kisha, kidogo kidogo, Kasuku akaanza kunyamaza. Alishika tumbo, akakaa kona. Alikonda. Akawa anatafuta neno kama mtu anayetafuta sindano gizani. Siku moja alinyoosha kidole kwenye kikombe akashindwa kukiita kikombe.

"Wifi," mama yake alimwambia Mpimaji kwenye simu, "mtoto anasahau maneno. Kaka yako anasema ni minyoo. Minyoo inakula maneno?"

"Mpeleke hospitali kesho. Usingoje kaka. Waambie wampime damu."

Majibu yalichukua siku nane. Mama mtu alikwenda na Kasuku kuyapokea, pamoja na mkwe wake, yaani mama yao Majembe na Mpimaji, bibi mwenye masikio mazito na mdomo usiokubali kubishiwa. Daktari alikuwa kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta.

"Nyumbani mnafanya kazi gani?" aliuliza. "Kuna anayeshughulika na betri, au rangi za zamani?"

"Sisi tunalima mboga," alisema mama Kasuku.

"Damu ya mtoto ina risasi. Nyingi sana."

Bibi alilisikia neno hilo moja tu. Akamnyakua mjukuu wake, akamlaza kwenye kitanda cha daktari, akamvua gauni akimgeuza huku na huku, akipapasa mgongo, mbavu, kwapa, akitafuta tundu. "Nani kampiga?" alipiga kelele. "Nani kampiga risasi mjukuu wangu, nyie mkakaa kimya?" Ilibidi muuguzi aje amshike mikono. Alipoelezwa ni risasi ya namna gani, na kwamba inaingia kwa mdomo na kwa pumzi bila mlio wala damu, bibi alikaa chini sakafuni. "Heri ingekuwa ile nyingine," alisema. "Ile nyingine mtu unajua pa kushika."

Jumamosi iliyofuata Mpimaji alishuka bondeni na mifuko ya nailoni. Kaka yake alikuwa sokoni. Alikata mchicha kutoka matuta matatu, akang'oa karoti, akachota udongo, akateka maji ya mfereji. Nusu ya mboga aliziosha kwa maji ya bomba mara tatu, kama afanyavyo mama yeyote jikoni. Nusu akaziacha zilivyo. Maabara alizikausha, akazisaga, akaziyeyusha kwa tindikali na kuziingiza kwenye mashine. Kwenye karatasi, mchicha wa kaka yake ulikuwa na risasi mara kumi na moja ya kiwango kinachoruhusiwa kuliwa. Uliooshwa, mara nane. Karoti, mara tano. Alirudia kazi yote tangu mwanzo akitumaini amekosea. Kisha akarudia tena. Mara ya tatu alifunga mashine, akaenda chooni kutapika, maana mchicha huo alikuwa ameula kwao maisha yake yote.

Alimwendea kaka yake kwanza, peke yao, jioni, wakiwa wamekaa ukingoni mwa kisima.

"Ngoja tuvune hizi zilizokomaa," Majembe alisema. "Halafu tutaona."

"Mvune apewe nani, kaka?"

"Zinakwenda mjini."

"Mjini hakuna watoto?"

Majembe alitupa jiwe kisimani. "Wewe ni wa vitabu. Hujui watu arobaini wakikosa pa kulima wanafanya nini. Mkutano wa Jumanne usije."

"Kwa nini nisije?"

"Kwa sababu nimesema mimi mkubwa wako."

Alikuja. Alivaa gauni la kawaida, hakuvaa koti jeupe, asije akaonekana anawaringia. Ghala lilijaa jasho na harufu ya vitunguu. Alisema maneno machache, kwa Kiswahili cha nyumbani, akaonyesha karatasi. Kelele zikalipuka kabla hajamaliza.

"Umetumwa na nani?"

"Mbona sisi tunakula miaka yote na hatujafa?"

"Unataka tulime nini, mawe?"

Mama mmoja mjane, aliyelima vitunguu tuta la mwisho na kuitwa Mama Vitunguu hata na wanawe, alisimama akiwa ameshika kiuno. "Binti, sisi tulikubeba mgongoni. Tukakufuta makamasi. Leo unatuambia tunalisha watu sumu?"

Mpimaji hakubishana. Alisubiri sauti zipungue, kisha akauliza, "Nani hapa ana mtoto anayelia tumbo kila siku? Nani ana mtoto aliyekuwa anafanya vizuri shuleni, sasa hashiki chochote? Sitaki jina. Inueni mkono tu."

Mkono mmoja ukapanda nyuma kabisa. Ukapanda wa pili. Mama Vitunguu alitazama huku na huku, mdomo wazi, kisha naye akainua wake polepole, kama mtu anayeinua tenga zito.

Hapo ndipo Majembe alipotoka mezani. Watu walidhani anakwenda kumtoa dada yake nje. Alipitia pale majembe yalipoegemezwa ukutani, akachomoa mpini mmoja usio na chuma, akapiga.

Mpimaji alianguka juu ya magunia. Majembe akainua mpini tena na macho yake hayakuwa yakimwona. "Nilikwambia usije! Nilikwambia!" Pigo la pili lilipasua gunia la karoti, la tatu likamgonga dada yake nyonga. Na kundi nalo likiona damu halikai kimya. Mmoja alizikanyaga karatasi. Mwingine alimshika Mpimaji nywele akamburuta hatua tatu kuelekea mlangoni akisema, "Nenda kapime kwenu," na kwao kulikuwa palepale. Mama Vitunguu ndiye aliyejitupa juu yake kumkinga, akapigwa teke la mbavu lisilokuwa lake, akamng'ata aliyempiga kwenye paja mpaka akamwachia alama. Kwa njia hiyo walitoka nje wote wawili, wakitambaa.

Mkono ulikuwa umevunjika mifupa yote miwili. Hospitali walimtia chuma na skrubu sita. Hakumtaja kaka yake kwa polisi. Alisema ameanguka. Askari alimtazama alama za nyonga akasema, "Umeanguka mara ngapi?"

Siku mbili baadaye, asubuhi, Kasuku alipatwa na degedege. Alikuwa amekaa mlangoni akila uji. Kijiko kikaruka, macho yakageuka, mwili ukakakamaa ukaanza kupigapiga sakafu. Mama yake alimbeba akakimbia naye hadi barabarani, na kufika hospitali mtoto alikuwa ametulia kwa namna iliyokuwa mbaya kuliko kurukaruka. Walimlaza wodi ya watoto, ghorofa moja chini ya shangazi yake. Mpimaji alishuka ngazi na bandeji yake, akakaa upande mmoja wa kitanda. Wifi yake akakaa upande wa pili.

"Kasema nini daktari?" Mpimaji aliuliza.

"Ile dawa waliyoiagiza, ya kuivuta hiyo risasi itoke kwenye damu, ndiyo imefika leo. Ila kasema iliyokwisha kuingia kichwani ikaharibu, hiyo imeharibu." Akafunga kilemba upya, akakikaza. "Kaa naye. Nakwenda nyumbani kuchukua nguo."

Nguo hakuchukua. Alipofika bondeni alimkuta mumewe ameshika mpira wa pampu, anamwagilia. Maji yaleyale, mchicha uleule. Aliingia jikoni akatoka na panga.

Alianza na tuta la kwanza. Hakupiga kelele wala hakulia. Alikata kwa mkupuo, chini kabisa kwenye mashina, kama anayekata shingo za kuku wa harusi. Mchicha uliruka, karoti zikapasuka chini ya miguu yake. Majembe aliutupa mpira akamkimbilia.

"Mama Kasuku, una wazimu?"

"Niache."

"Hicho ni chakula chetu!"

"Mwanao anajipigiza chini kama kuku aliyechinjwa, wewe unamwagilia! Niache, nisije nikakukata."

Majembe alimshika mkono. Panga likageuka likampita kwenye kiganja, toka kidole cha shahada hadi mzizi wa dole gumba, likaacha mdomo mwekundu. Majembe alisimama akiutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Mkewe hakusimama. Alimaliza tuta, akaingia la pili. Wakulima walitoka mashambani kwao kuja kutazama, na wa kwanza kuingia shambani alikuwa Mama Vitunguu. Walidhani anakwenda kumshika. Akavuka, akaenda hadi kwenye vitunguu vyake mwenyewe, akainama akaanza kuving'oa kwa mikono miwili, akivitupa kijitoni huku akitukana matusi ambayo mjane wa heshima hatakiwi hata kuyajua.

Watu wakikosa la kufanya hutafuta wa kumfanyia. Majembe aliliona hilo kwenye nyuso zao, na zilikuwa zinaanza kumgeukia yeye. Akafunga kiganja kwa kitambaa, akapanda juu ya pipa.

"Aliyetuua hayuko hapa!" alinguruma. "Yuko kule juu, anapika! Mnakaa mnakata majani, mwenye sumu anakunywa chai!"

Hakuhitaji kusema mara mbili. Walipanda mwinuko na majembe, mapanga, reki, nyundo za kupigilia vigingi. Wengine walibeba mchicha uliokatwa, mapakacha mazima, bila kujua wataufanyia nini.

Mlinzi wa karakana alikuwa na rungu na filimbi. Alipiga filimbi mara moja. Geti la bati lilianguka juu yake na watu arobaini wakapita juu ya geti.

Ndani kulikuwa na joto la kukausha mate. Marundo ya betri zilizopasuliwa, madimbwi ya njano, na katikati, chini ya paa lililotoboka, chungu cha chuma kikiwa kimening'inizwa kwa minyororo juu ya moto. Uji wa risasi ulikuwa umeiva, unang'aa kama kioo. Aliyekuwa anaukoroga ni Fundi Chungu, jirani yake Majembe ukuta kwa ukuta, baba wa watoto watatu ambao Kasuku alikuwa akicheza nao. Alifunga pua kwa fulana kuukuu. "Jamani, taratibu, kuna moto hapa!" alisema, lakini hakuna aliyemsikia.

Walikuwa wanamtaka msimamizi. Walimkuta ofisini anajaribu kupita dirishani, tumbo limekwama. Walimvuta miguu, wakamburuta kifudifudi hadi uani, hatua chache kutoka kwenye chungu, mabuti yake ya mpira yakimvuka njiani. Majembe alimgeuza chali, akamkalia kifuani. Alichukua konzi ya mchicha, mbichi, wenye matope, akamsokomeza mdomoni.

"Kula!"

Msimamizi alitikisa kichwa. Majembe alimbana pua kwa mkono wa kitambaa chenye damu, mdomo ukafunguka, akasokomeza nyingine. "Kula! Si mmeipika wenyewe? Kula ushibe! Binti yangu amekula miaka minne!" Majani yalijaa, uso ukawa wa zambarau, visigino vikachimba vumbi. Mtu mmoja akasema, "Basi, atakufa." Mwingine akasema, "Afe." Msimamizi alijikunja kwa nguvu ya mwisho, akatapika matope na kijani, akavuta pumzi iliyolia kama mlango, na akasema kwa sauti ya kukwaruza iliyosikika uani kote:

"Mimi nimekula majani. Wewe ulikula pampu."

Majembe aliinua ngumi, lakini Mama Vitunguu alikwisha kuudaka mkono wake. "Pampu gani?"

"Muulizeni mwenyekiti wenu! Karatasi ipo ofisini, sahihi yake ipo. Wakulima wamekubali mfereji upite bondeni. Akapewa pampu. Miaka miwili sasa."

"Pampu ile kaletewa na shemeji yake," alisema mkulima mmoja, lakini alisema kama anauliza.

"Tena tulimwambia," msimamizi aliendelea, akitema, "tulimwambia kabisa, mifugo isinywe maji hayo. Alielewa. Muulizeni mbuzi wake wako wapi."

Kila mtu alikumbuka. Majembe alikuwa na mbuzi tisa, na mwaka juzi, ghafla, wiki moja, aliwauza wote, akasema amechoka kuchunga.

"Mbuzi wangu watatu walikufa mwaka ule," Mama Vitunguu alisema taratibu. "Walikuwa wanazunguka, wanagonga vichwa ukutani. Nilikuja kukuuliza. Ukaniambia ni ugonjwa wa kupe." Alimwachia mkono. "Uliwanusuru mbuzi, Majembe. Watoto ukawaacha wale."

Majembe mwenyewe anasema, hata leo, kwamba hakukusudia. Alisema hivyo mahakamani na hakuna sababu ya kutomwamini. Alichotaka ni sauti ile ikome. Aliinuka, akaokota nyundo kubwa iliyokuwa chini, ya kuvunjia betri, akaizungusha kwa nguvu zake zote kuelekea kichwa cha msimamizi. Msimamizi akabingirika. Nyundo ikapita, ikampeleka Majembe mwenyewe mbele, ikaishia kwenye mnyororo wa chungu.

Mnyororo haukukatika. Kulabu ndiyo iliyochomoka. Chungu kikainama upande mmoja, polepole, kama mtu anayemimina chai, na risasi ikatoka yote.

Fundi Chungu alikuwa amesimama pale alipokuwa amesimama muda wote, akiulinda moto usisambae. Uji ulimfika mguu wa kulia, ukajaza kiatu. Sauti aliyotoa wengi wanasema hawataisimulia, nami sitaisimulia. Watu wawili walimvuta nje ya moshi, na kiatu hakikuvuka, kwa sababu hakikuwa kiatu tena, wala mguu haukuwa mguu.

Baada ya hapo hakukuwa na mwenyekiti. Walimpiga Majembe kwa vilevile walivyopanda navyo. Walimvunja meno ya mbele, wakamvunja mbavu, mmoja akamkata sikio nusu. Mama Vitunguu alibeba tofali la risasi kwa mikono miwili, lililopoa, akalileta mpaka juu ya uso wake, akasimama nalo. Kisha akaliacha lianguke pembeni, likazama vumbini. Askari walipofika walimkuta Majembe amelala katikati ya mchicha, na yeye aliyewaongoza watu kupanda karakana ndiye aliyehitaji kulindwa dhidi ya watu wake mwenyewe.

Mguu wa Fundi Chungu ulikatwa chini ya goti. Mlinzi alipona. Msimamizi alipona pia, akatoa ushahidi wa pande zote mbili. Mwenye karakana hakuwahi kuonekana. Alikuwa jina kwenye karatasi, na jina lilipotafutwa lilikuwa limehama. Karakana ilifungwa kwa kufuli na mhuri.

Mahakamani Mpimaji alisimama siku mbili, mkono ukiwa bado na chuma. Alisoma namba zake, tuta kwa tuta, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Wakili wa kaka yake alimuuliza kama hana kinyongo kutokana na mkono ule.

"Mkono ni wangu, nimemsamehe," alijibu. "Hayo mengine si yangu kusamehe."

Bibi alikuwa ameketi benchi la nyuma. Hakusikia vizuri, akamuuliza mkwe wake kasema nini. Alipoambiwa, alilia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya daktari. Majembe alifungwa miaka mitatu. Kila mwezi bibi alimpelekea sabuni gerezani, na kila akitoka huko alipitia kwa binti yake kumkanda mkono uliokuwa unauma wakati wa baridi. Hakuwahi kusema nani kati yao alikuwa na haki. "Nimezaa wawili," alisema, "sikuzaa kesi."

Bonde lilizuiwa kulimwa chochote kinacholiwa. Wakulima kumi na wawili walipata ardhi upande wa pili wa mwinuko, ambako upepo haukuwahi kupeleka moshi wa karakana, na kabla ya kuchimba walimwita Mpimaji aje na mifuko yake. Hakuna aliyefanya mzaha. Wengine walitawanyika na hawakujulikana walikoenda. Kasuku alimaliza dawa, degedege likakoma, akaanza shule mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Anaongea. Anaongea kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, jiwe moja baada ya jingine, na mama yake amejifunza kumngoja ng'ambo bila kumharakisha.

Majembe alipotoka, kabla hajafika kwake, alibisha hodi mlango wa jirani.

Fundi Chungu alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, magongo mawili kando. Walitazamana. Majembe alipiga magoti.

"Wanangu wote watatu walipimwa," Fundi Chungu alisema. "Wana risasi kuliko binti yako. Daktari akaniuliza, ukitoka kazini unabadili nguo? Nikamwambia, nabadili, nikifika nyumbani, nampa mke wangu afue. Na kabla ya hapo watoto wananirukia, nawapakata." Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nausema tu msemo huo. Sasa niambie, mimi nikikupiga wewe, mimi anipige nani?"



Fundi Chungu alichukua gongo moja, akampiga hata hivyo. Alimpiga mgongoni, akampiga begani mara mbili, kwa nguvu zote za mtu aliyekaa, na Majembe hakuinua mkono kujikinga. Pigo la nne lilikuwa njiani mke wa Fundi Chungu alipotoka ndani na beseni la nguo mbichi. Aliliweka chini, akawatazama wote wawili, akajifuta mikono kwenye gauni.

"Mkimaliza," alisema, "mmoja wenu aje anishikie hili blanketi nikamue. Jua linakwenda."

Gongo likashuka. Majembe aliinuka kwa shida, akajipangusa magoti, akashika ncha moja.

"Upande wa kulia," mwanamke alisema. "Zungusha."

Akazungusha.